Vizibo 64 na ubao wa drafti: kwa nini wadoezi hawajatumaliza?

Mzee wa Kete

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite aende jukwaa la mpira, hatukasirikiani.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, na jioni mtanikuta kijiweni nacheza drafti. Kikoba chetu kilikufa mwaka jana. Tulianza watu 12, nyumba zinazotazamana, kila Jumapili hisa zinahesabiwa mezani mbele ya macho ya wote. Tulienda hivyo miaka mitano. Kisha tukajiona wajanja, tukafungua kundi la WhatsApp, tukafika 60, rafiki wa shemeji wa fulani naye ndani. Miezi minne tu, kwisha. Mtu anachukua mkopo Ijumaa, Jumatatu simu haipatikani. Mimi nilidhulumiwa laki tatu na nusu na mtu ambaye sura yake naijua kwa picha ya wasifu tu, ameegemea gari ambalo naamini si lake.

Kila mtu anauliza kilikufaje. Mimi kilichoninyima usingizi ni kinyume chake: kiliishije miaka mitano? Kwa hesabu kavu kilitakiwa kufa wiki ya pili.

Najua mtasema kidole kimoja hakivunji chawa. Sawa. Lakini methali haisemi kwa nini kidole cha pili kisikae pembeni, kiache vingine vihangaike, chawa afe, nacho kifaidi kichwa kisichowasha. Mtu wa namna hiyo namwita mdoezi. Hesabu yake ni nyepesi: wenzake wakichangia, anakula bure, wasipochangia, angalau chake hakijatoka. Vyovyote iwavyo, kudoea kunalipa zaidi. Na wote wakiwaza hivyo, wote wanalala njaa. Wenyewe wanauita mtanziko wa wafungwa. Merrill Flood na Melvin Dresher waliuchezesha mwaka 1950 pale RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, na hadithi ya wafungwa wawili akaibandika Albert Tucker mwaka huo huo.

Mwaka 1973 John Maynard Smith na George Price wakaipeleka hesabu ya michezo (ile ya kupima nani anavuna nini kutegemea wenzake wanachezaje) kwa wanyama, na hapo ikawa tamu, kwa sababu mchezaji si lazima awe na akili. Tabia inayovuna zaidi inazaa zaidi, basi. Sasa chukua washirika na wadoezi, wachanganye kwenye sufuria moja, kila mmoja akutane na yeyote. Washirika wanaisha wote.

Neno lenye ujanja hapo ni "yeyote". Nani kati yenu anakutana na yeyote? Mtu ana majirani zake, ana watu wa njia yake ya kwenda kazini, ana wale watatu anaoweza kuwakopa chumvi.

Mwaka 1992 Martin Nowak na Robert May walichapisha kwenye jarida la Nature jambo dogo sana. Waliweka wachezaji kwenye miraba, kila mmoja anacheza na majirani zake nane tu. Nilivyosoma nikaenda kijiweni mapema kabla wazee hawajafika, nikachukua vizibo vya soda. Kwetu drafti ni vizibo, upande mmoja vinatazama juu na upande wa pili vimefunikwa, kwa hiyo nilikuwa na washirika na wadoezi tayari. Niliomba vingine kwa muuza vinywaji hadi vikatimia 64.

Kanuni ni hizi. Washirika wawili wakikutana, kila mmoja alama 1. Mdoezi akikutana na mshirika, mdoezi anapata 1.5 na mshirika sifuri. Wadoezi wawili, sifuri kwa sifuri. Kila mraba unacheza na majirani nane na pia na nafsi yake (chukulia mraba ni kaya, na ndani ya kaya watu wanasaidiana au wanaibiana). Kulia kwa ubao kunaungana na kushoto, juu na chini, ili pasiwe na ukingo. Baada ya kuhesabu, kila mraba unaangalia majirani zake na kumwiga aliyepata nyingi kuliko wote; kama aliyepata nyingi ni yeye, anabaki alivyo. Wote wanageuka kwa mpigo mmoja.

Nikaweka washirika 63 na mdoezi mmoja katikati.

Raundi ya kwanza mdoezi ana majirani nane wa kuwanyonya: 8 mara 1.5, alama 12. Mshirika aliye mbali naye ana 9. Majirani wote nane wanamtazama huyu wa 12, wanamwiga. Sasa wadoezi ni 9, mraba wa tatu kwa tatu. Hapo nikasema imekwisha, ndiyo kikoba chetu hiki.

Raundi ya pili nikahesabu tena. Mdoezi wa katikati amezungukwa na wadoezi wenzake: sifuri. Wa kwenye pembe bado wana washirika watano wa kuwanyonya, 7.5. Mshirika anayegusana na pembe hiyo kwa kona ana jirani mdoezi mmoja tu, kwa hiyo ana 8. Nane inazidi saba na nusu! Pembe zote nne zikageuka kuwa washirika. Wakabaki wadoezi watano, umbo la msalaba. Raundi ya tatu mikono ya msalaba nayo ina 7.5, mbele yake kuna mshirika wa 8, ikageuka. Akabaki mdoezi mmoja pale pale katikati.

Na raundi ya nne tena tisa. Kisha watano. Kisha mmoja. Nilirudia hadi kiza kikaingia: moja, tisa, tano, moja, tisa, tano, kama kitu kinachopumua.

Hakuna aliyeonywa, hakuna aliyefukuzwa, hakuna katiba. Vizibo havina dhamiri. Mdoezi anashindwa kutwaa ubao kwa sababu moja tu: anapofanikiwa anaigwa, na wanaomwiga ni majirani zake, yaani anajizungushia watu wa aina yake na hana tena wa kumla.

Ukipandisha faida ya kudoea kutoka 1.5 hadi 1.9 mambo yanabadilika. Pembe sasa inapata 9.5, inamzidi hata mshirika wa ndani kabisa mwenye 9. Mmoja anakuwa tisa, tisa wanakuwa 25, halafu kingo zinaanza kuchanika kwa michoro kama ya mkeka. Ubao wa drafti haukutosha, nikahamia kwenye kompyuta. Na hata hapo washirika hawaishi. Nowak na May waliona kwamba faida ikiwa kati ya 1.8 na 2, vichaka vya washirika na wadoezi vinafukuzana bila kutulia, lakini sehemu ya washirika inaelea karibu na asilimia 32, popote ulipoanzia.

Kwa hiyo hoja yangu: kikoba chetu kiliishi kwa sababu tulikuwa majirani wachache, na kilikufa tulipokuwa sufuria. Ushirikiano hauji kwa kuhesabu watu wema ni wangapi. Unakuja kwa nani amekaa jirani na nani. Naomba kuwasilisha.

Kitasa cha Geti

Nimeweka kigoda pembeni. Waje wenye uelewa.

Binti Ukerewe

Mwalimu shikamoo. Nimesoma mara mbili, na mara ya pili nimechora kwenye daftari la mtoto. Kweli inarudi moja. Swali langu: hivi vizibo havikumbuki? Mimi mtu akinidhulumu leo kesho simpi. Ndiyo nilidhani ushirikiano unatoka huko, kwenye kukumbuka.

Mzee wa Kete

Marahaba binti. Havikumbuki chochote, na ndiyo maana matokeo yale yalishtua watu.

Hiyo ya kwako ni njia nyingine, ya zamani kidogo. Robert Axelrod aliitisha mashindano ya programu za kompyuta, kila programu inacheza mtanziko huu na mwenzake raundi nyingi. Mara ya kwanza zilikuja 14. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport: anza kwa kushirikiana, halafu fanya alichokufanyia mwenzako raundi iliyopita. Nipe nikupe. Akarudia mashindano, zikaja zaidi ya 60, wote wakijua nani alishinda mara ya kwanza, na nipe nikupe ikashinda tena. Mwaka 1981 Axelrod na William Hamilton wakaiandika kwa upande wa viumbe.

Ila nipe nikupe inataka ukutane na mtu yule yule na umtambue. Vizibo havihitaji hata hilo.

Mtu wa Takwimu

Mkuu uzi mzuri, na ile ya moja-tisa-tano nimeikagua, iko sawa. Lakini hoja ya mwisho umeruka mto ukasahau daraja.

Kuna kanuni ambayo ungeitaja ingekusaidia na kukuumbua kwa wakati mmoja. Mwaka 2006 Hisashi Ohtsuki, Christoph Hauert, Erez Lieberman na Nowak walitafuta ni lini mtandao (si intaneti, ni ule wa nani ameungana na nani) unaupa ushirikiano nafasi. Mshirika analipa gharama *c* kwa kila jirani, na kila jirani anapata faida *b*. Kila mtu ana majirani *k*. Jibu lilitoka fupi ajabu: *b* gawanya kwa *c* izidi *k*. Kama kumsaidia jirani kunakugharimu 1,000 na kunamfaa kwa 3,000, ushirikiano unapendelewa ukiwa na majirani wawili, lakini si wanne. (Ni kwa jamii kubwa, na pale ambapo alama za mchezo zina uzito mdogo katika maisha ya mtu. Msije mkaibeba kama sheria ya Newton.)

Sasa angalia. *k* ni idadi ya majirani wa kila mmoja, haihusu ukubwa wa kundi. Mtandao unaweza kuwa na watu milioni na kila mmoja ana majirani watatu, ushirikiano ukastawi. Kwa hiyo kufika 60 peke yake hakujaua kikoba chenu. Kilichotokea ni kwamba kwenye WhatsApp kila mmoja alikuwa anamkopesha kila mmoja, *k* yenu ilitoka 11 ikaenda 59. Na hata 11 ilikuwa kubwa mno kwa kanuni hii! Kwa hiyo ile miaka mitano haielezwi na mtandao tu. Ile meza ya Jumapili, pesa kuhesabiwa hadharani, ndiyo ilikuwa inafanya kazi.

Mzee wa Kete

Nimepigwa kete tatu kwa mpigo. Nakubali kuhusu *k*, nimechanganya ukubwa wa kundi na idadi ya majirani. Wanafunzi wangu wasione uzi huu.

Ila hiyo kanuni fupi nayo ina tundu lake, malizia mwenyewe mkuu, naona umelificha.

Mtu wa Takwimu

Sijalificha, nilikuwa napumzisha vidole.

Kanuni ile inategemea nafasi inajazwaje. Chukua mstari wa mama ntilie sokoni. Namna ya kwanza: mmoja anafunga biashara, kibanda kinabaki wazi, majirani wa kibanda kile wanagombania kukirithi. Namna ya pili: anayefanikiwa zaidi sokoni kote anachaguliwa kwanza, kisha anamsukuma jirani yake mmoja na kuweka tawi lake pale. Ukiyaangalia kwa haraka utasema ni mamoja. Kwa hesabu, ya kwanza inatoa ile *b* kwa *c* kuzidi *k*. Ya pili haitoi kitu, mshirika hapendelewi hata faida iwe kubwa namna gani.

Sababu ninavyoielewa: kwenye namna ya pili unayeshindana naye ni jirani yule yule wa ukuta kwa ukuta uliyempa chumvi. Umemnenepesha mshindani wako. Kwenye namna ya kwanza washindani wako ni majirani wa kibanda kilichofungwa, walio hatua mbili kutoka kwako, na msaada wako haukuwafikia moja kwa moja.

Kwa hiyo ukiambiwa "mtandao unaleta ushirikiano", uliza kwanza nani anaondoka na nani anachukua nafasi yake. Bila hilo jibu halipo.

Fundi Redio

Nyie wasomi mnasema kila mtu ana majirani sawasawa. Mtaa gani huo? Kwetu kuna mzee mmoja mwenye duka, kila mtu anamjua, na kuna jirani yangu hapa hata mbwa wake hamjui.

Dada wa Maabara

Fundi umegusa penyewe. Francisco Santos na Jorge Pacheco, Wareno, waliuliza hilo mwaka 2005. Walichukua mitandao ya aina aliyoieleza Albert-László Barabási na Réka Albert mwaka 1999, ambamo watu wengi wana viungo vichache (yaani watu waliounganika nao) na wachache wana viungo vingi kupindukia, kama mwenye duka wako. Ushirikiano ukapanda sana kuliko kwenye ubao wa miraba.

Fikiria mwenye duka awe mdoezi. Mwanzoni anavuna kwa mtaa mzima. Anaonekana tajiri, majirani wanamwiga, nao wanakuwa wadoezi, na duka linakosa wa kumnyonya. Anakata tawi alilokalia. Sasa awe mshirika. Akiigwa, kila aliyemwiga anaanza kumletea faida, anazidi kunenepa, anazidi kuigwa. Mdoezi akikaa kitovuni hadumu, mshirika anajijenga.

Nakiri hesabu ile ina upendeleo. Inajumlisha alama za viungo vyote bila kutoza chochote kwa kuwa na viungo vingi. Ukiweka gharama ya kuendesha kila uhusiano (na mwenye duka yeyote atakwambia ipo, kila salamu inakuja na daftari la mkopo), faida ile inapungua au inayeyuka.

Na jingine la kuwapunguza kasi: mtandao si dawa ya kila ugonjwa. Hauert na Michael Doebeli, 2004, walichukua mchezo wa madereva wawili waliozuiwa na theluji. Mmoja akichimba wote wanapita, kwa hiyo hata mdoezi akinisusia bado nina sababu ya kuchimba, nifike nyumbani. Kwenye mchezo huo kuwaweka watu kwenye miraba mara nyingi kulipunguza ushirikiano kuliko kuwachanganya kwenye sufuria. Kwa hiyo mwalimu kabla hujalaani sufuria, angalia kwanza ni mchezo upi mnaocheza.

Kitasa cha Geti

Kwa hiyo tukubaliane nini sasa? Naona kila anayekuja anabomoa ukuta wa aliyetangulia.

Dada wa Maabara

Bado kaka, ukuta mkubwa unakuja. Yote haya ni vizibo. Watu walipowekwa kweli kweli mambo yakawa mengine.

Mwaka 2012 timu ya watafiti Hispania ilichezesha wanafunzi 1,229 wa sekondari kwa mpigo, kila mmoja kwenye kompyuta yake: 625 walipangwa kwenye miraba, 604 kwenye mtandao wenye vitovu, yaani wachache wenye viungo vingi. Kwa nadharia ile ya duka, kundi la pili lilitakiwa kushinda kwa mbali. Hakukuwa na tofauti ya maana. Pande zote mbili ushirikiano ulishuka na kutulia karibu theluthi moja.

Sababu yao ndiyo naipenda: binadamu hamwigi jirani aliyepata nyingi. Alama za wenzao zilikuwa mbele yao lakini hawakuzifuata. Waliangalia wangapi walishirikiana raundi iliyopita, na wao wenyewe walikuwa wamefanya nini. Mtu aliyetoka kushirikiana akaona majirani nao wameshirikiana, anaendelea. Aliyetoka kudoea hajali sana majirani wamefanya nini. Kwa hiyo injini nzima ya vizibo vya mwalimu, ile ya "mwige aliyeshiba", kwa watu haikuwashwa.

Mtu wa Takwimu

Kwa haki ongeza na la pili. Mwaka 2014 David Rand, Nowak, James Fowler na Nicholas Christakis walipanga watu kwenye mitandao na kuhakikisha ile *b* kwa *c* inazidi *k*. Hapo ushirikiano ukasimama, haukuporomoka. Ukishuka chini ya hapo, au watu wakichanganywa upya kila raundi, unaporomoka. Kwa hiyo mtandao haujafa, ila unadai bei yake ilipwe.

Na ukiwaruhusu watu kukata uhusiano na mdoezi na kufunga mwingine, mambo yanakuwa mazuri zaidi. Hilo Rand, Samuel Arbesman na Christakis walilionyesha 2011. Kizibo hakiwezi kuhama mraba. Mtu anahama.

Mpita Njia wa Eyasi

Samahani wakuu, huwa nasoma tu, leo nimelazimika kujiunga. Mnakwenda Hispania kutafuta watu, hapa Tanzania je?

Coren Apicella na wenzake mwaka 2010 walizunguka kambi 17 za Wahadzabe, huko Ziwa Eyasi, watu wazima 205. Hawakutumia pesa. Walitumia mirija ya asali, na anayewajua Wahadzabe anajua asali kwao ni nini. Kila mtu anapewa mirija minne. Unaweza kubaki nayo, au kutia yoyote kwenye kapu la kambi. Kinachoingia kapuni kinaongezwa mara tatu na kugawiwa sawa kwa wote waliocheza. Ndiyo mtanziko wenu huo huo, ila wenye utamu. Pia kila mtu aliulizwa angependa kukaa kambi moja na nani, na angempa nani asali.

Ilipochapishwa mwaka 2012 picha ilikuwa hivi: wachangiaji wamefungamana na wachangiaji, wabanaji na wabanaji. Kambi zilitofautiana kati yao kuliko ambavyo kubahatisha kungetoa. Yaani vile vichaka vya mwalimu vipo, porini, kwa watu wasio na WhatsApp.

Watafiti wakarudi tena na tena kwa miaka sita. Wahadzabe wanahama sana, kambi zinavunjika na kuundwa. Ukitegemea mtu mkarimu abaki mkarimu popote aendako, umekosea. Alichotoa mtu kilifuata zaidi kambi aliyokuwemo wakati huo kuliko alichotoa yeye mwenyewe miaka ya nyuma. Vichaka vilibaki, watu ndani yake wakabadilika.

Binti Ukerewe

Hii ya mwisho imenikaa. Kwa hiyo yule aliyemdhulumu mwalimu laki tatu na nusu, kwenye kikoba cha watu 12 huenda angelipa?

Mzee wa Kete

Huenda. Na mimi kwenye kundi la 60 huenda ningezima simu. Hilo sipendi kulifikiria usiku.

Mtoto wa Tana

Niko Kenya, niongeze kidogo. Jean Ensminger alicheza mchezo kama huo wa kapu na Waorma, wafugaji wa upande wetu wa mto Tana, wakati wa utafiti ule mkubwa wa jamii 15 ulioongozwa na Joseph Henrich. Ukishaeleza kanuni, wazee hawakuhitaji mfano wa wafungwa. Walisema hii ni harambee, na wakaubandika jina hilo hilo: mchezo wa harambee. Walitoa zaidi ya nusu ya walichopewa, kwa wastani.

Mtu hafiki mchezoni akiwa kizibo kitupu. Anakuja na jina la jambo analolijua, na jina likishapatikana anajua anatakiwa kufanya nini. Mngewaambia ni mchezo wa soko, sidhani kapu lingejaa hivyo.

Fundi Redio

Hapo sasa. Mwenye duka wetu harambee anatangaza yeye, na anatoa wa kwanza, mbele za watu. Halafu uone kama kuna anayethubutu kutoa mia tano.

Mkorofi wa Zamu ya Usiku

Mwalimu, mimi sina shida na Wahadzabe. Nina shida na ubao wako. Umesema vizibo vyote vinageuka kwa mpigo mmoja. Nani anapiga filimbi? Mtaani mmoja anabadilika Jumatatu, mwingine baada ya Idi. Bernardo Huberman na Natalie Glance walisema hilo mwaka mmoja tu baada ya Nature: badilisha mraba mmoja mmoja kwa zamu za kubahatisha, na ile michoro mizuri inatoweka, wadoezi wanatwaa ubao.

Mtu wa Takwimu

Kweli, 1993. Ila walilijaribu kwenye faida kubwa, 1.85. Nowak, Sebastian Bonhoeffer na May wakajibu 1994 kwamba michoro ya kupendeza inakufa kweli, lakini kuishi pamoja kwa washirika na wadoezi kunabaki kwenye viwango vingine vya faida. Mwalimu alitumia 1.5. Ajaribu tuone.

Mzee wa Kete

Nimejaribu leo jioni. Nimekata karatasi 64 zenye namba, nikazitia kwenye kofia. Unachomoa moja, mraba huo peke yake unaangalia majirani na kuamua, karatasi inarudi kofiani. Kura nyingi hazina kazi, zinaangukia mshirika aliye mbali ambaye hana cha kubadili.

Mdoezi wa kwanza ana 12 kama kawaida. Kura ya saba ikamwangukia jirani yake, akamwiga. Wakawa wawili, na hapo hapo kila mmoja akashuka hadi 10.5, kwa sababu kila mmoja amempoteza mwenzake kama mtu wa kunyonywa. Bado wanazidi 9. Baadaye kura ikampata mraba unaowagusa wote wawili, naye akageuka. Wakawa watatu, wameshikana kama herufi L. Nikahesabu: kila mmoja ana washirika sita, sita mara 1.5.

Tisa. Sawasawa na mshirika wa ndani.

Nikawazungukia majirani wote mmoja mmoja kwa kidole. Kila mmoja wao anaona mdoezi wa 9 upande huu na mshirika wa 9 upande wa pili. Sare. Kanuni niliyojiwekea: kwenye sare unabaki ulivyo. Na wale wadoezi watatu hawana jirani mshirika anayezidi 8, nao wakabaki. Nikachomoa kura nyingine arobaini, nikaacha kuhesabu, hakuna kizibo hata kimoja kilichogeuka. Watatu kati ya 64, wamekaa tu. (Kura zikianguka vingine, mfano wa tatu akakaa mwishoni mwa mstari, L haipatikani na mchezo unaendelea. Hiyo bado sijaimaliza.)

Mzee mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, tangu karatasi ya kwanza. Akaniuliza hawa watatu wamekosa nini mpaka wasitishwe wala wasifukuzwe. Nikamwambia wanakula, ila hawawazidi wenzao, kwa hiyo hakuna anayewatamani. Akaangalia kidogo, akasema kwenye ukoo wao wako hivyo hivyo, watatu, na mmoja ni kaka yake. Kisha akavikusanya vizibo vyote kwa kiganja kimoja, akapanga 12 huku na 12 kule, akaniambia nianze mimi.